Pikapu Kuukuu ya Dizeli: Springi Kwanza, Turbo Baadaye

Ukisimama kwenye kona za Kitonga utaziona zikipanda kuelekea Iringa: Land Cruiser za mkonga na Hilux za zamani, zimebeba saruji, soda na mabati, dereva kang'ang'ania gia ya pili, moshi mweusi unafuata nyuma na basi linapiga honi likitaka kupita. Siku ya pili pikapu zilezile zinashuka na viazi vya Njombe, breki zinanuka. Mwenye gari akifika juu huwa na wazo moja tu kichwani, nalo ni turbo.

Wazo si baya. Ila niseme mapema ninakosimama: kwa pikapu iliyovuka miaka ishirini, fedha ya kwanza iende chini ya gari, kwenye springi, shokapu na breki. Ya pili iende kwenye kupooza injini. Turbo ije mwisho, tena ndogo. Ukigeuza mpangilio huo utapata gari linalokimbia mlimani likiwa na mzigo ambao springi hazijaubeba vizuri na breki haziwezi kuuzuia, na mlima wowote unaoupanda kuna siku utaushuka.

Anza kwenye mizani

Mizani si lazima iwe ile ya barabarani. Machimbo ya kokoto, vinu vikubwa vya nafaka na maghala ya mazao huwa nayo, na ukiomba vizuri utapimiwa. Pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake gari likiwa tupu, kisha rudia likiwa na mzigo wako wa kawaida. Nasema wa kawaida, si ule wa msimu wa mavuno ambao hata wewe unajua umezidi. Hizo namba nne ndizo za kumpelekea muuza springi. Ukienda bila namba atakuuliza unataka ngumu au laini, na hilo ni swali la kununulia godoro.

Halafu soma kibati cha kiwandani, kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, uone uzito wa juu unaoruhusiwa gari likiwa na kila kitu: watu, mafuta na mzigo. Namba hiyo haibadiliki kwa kununua springi mpya. Springi ngumu zitanyanyua mkia, lakini beringi za magurudumu, ekseli, difu, chasisi na breki zinabaki zilezile. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inalenga magari yanayozidi kilo 3,500, kwa hiyo pikapu nyingi hupita bila kuulizwa. Ndiyo maana tumezoea kupakia mpaka springi inyooke. Kutopimwa na askari hakupunguzi uzito hata kilo moja.

Springi za nyuma

Pikapu karibu zote za zamani zina springi za bapa nyuma: vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa na boliti ya katikati. Land Cruiser za mfululizo wa 75 zina bapa mbele na nyuma. 79, iliyoingia mwaka 1999, ina koili mbele na bapa nyuma. Hilux za zamani zenye ekseli nzima mbele zina bapa pande zote, na zile zilizofuata, tunazoziita Tiger, zikiwa za magurudumu manne zina toshenibaa mbele.

Springi nzuri za kununua dukani, na nyingi zinazofika kwetu ni za kampuni za Australia kama Old Man Emu, Dobinsons na Tough Dog, huuzwa kwa ngazi za mzigo. Kuna ya gari tupu au lenye mzigo mdogo, kuna ya kilo 300 hivi, na kuna ya kilo 500 au 600. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu kilo hizo ni za mzigo wa kudumu. Ni uzito usioshuka garini: bodi la chuma ulilotengenezesha, bampa zito, tenki la ziada, tairi mbili za akiba, sanduku la vifaa. Mwenye duka anayekwenda na mzigo na kurudi mtupu akifunga springi ya kilo 600 atajuta kwenye safari ya kurudi. Ekseli ya nyuma itarukaruka, tairi zitapoteza mshiko kwenye kona za vumbi, na mitikisiko itahamia kwenye chasisi, mabano ya bodi na uti wa mgongo wake mwenyewe.

Kwa gari la aina hiyo, ambalo ndilo la wengi wetu, tafuta springi ya ngazi ya kati yenye bapa nene moja au mawili chini kabisa, yaliyo karibu kunyooka. Gari likiwa tupu hayo hayafanyi kazi, linatembea laini. Likipakiwa, springi inashuka, mabapa ya chini yanagusana na ya juu na kuanza kubeba. Ukiwa dukani chungulia pia jicho la bapa kuu, pale linapozunguka bushi. Springi nzuri huwa na bapa la pili lililokunjwa kulizunguka jicho hilo, ili bapa kuu likivunjika njiani ekseli isikimbilie nyuma. Ni kitu kidogo, lakini kati ya Mikumi na Iringa huenda ndicho kitakachokufikisha.

Sasa tuseme juu ya ile kazi ya mtaani, kuongeza bapa. Fundi anachukua bapa la Canter lililotupwa, anakata, anatoboa na kulichomeka katikati. Gari linanyanyuka siku hiyohiyo na bei inapendeza. Shida ni kwamba mkunjo wa bapa hilo haulingani na wenzake, hivyo halilali vizuri, na uzito wote unakwenda kwenye sehemu chache, hasa karibu na boliti ya katikati ambako chuma kimeshatobolewa. Ndipo panapovunjika. Kama huna njia nyingine, bapa lililoongezwa liwe na upana uleule, mkunjo uoane na wa majirani zake, na ncha zake zisiwe na makali yanayochimba bapa la juu. Kupasha springi moto na kuikunja upya kwa nyundo ni hasara iliyocheleweshwa tu: moto huondoa ugumu ambao chuma kiliupata kiwandani, na springi hiyo italala tena baada ya muda mfupi. Bapa lililovunjika halichomelewi kwa hali yoyote.

Mifuko ya hewa inayowekwa kati ya ekseli na chasisi ina watu wanaoisifu sana. Kwa pikapu ya kabini moja inayobeba kwa kiasi, sawa. Kwa kabini mbili, iogope. Bodi la kabini mbili limekaa nyuma sana na sehemu kubwa ya mzigo iko nyuma ya ekseli. Springi ya bapa huushika uzito kwa ncha zake mbili zilizo mbali, lakini mfuko wa hewa huusukuma mahali pamoja, katikati. Chasisi za kabini mbili zilizopinda nyuma ya kabini zimeonekana mara nyingi kiasi cha kutosha kuwa onyo.

Ukifunga springi mpya, nunua na yu-bolti mpya. Za zamani zimeshavutika na hazikazi tena kama inavyotakiwa. Badilisha bushi zote na pini za shakoli kwa mara moja, na chagua pini zenye nipeli ya grisi. Bushi za mpira zinatembea laini, za plastiki ngumu zinadumu zaidi lakini hupiga kelele zikikosa grisi. Kwenye barabara zetu ningechukua mpira wa kiwandani.

Shokapu, na hatari ya kuinua gari

Springi hubeba, shokapu hutuliza. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi madogo madogo, ile inayotetemesha meno, shokapu hupanda na kushuka maelfu ya mara kwa saa na mafuta yaliyomo ndani hupata moto. Shokapu nyembamba ya bei ya chini hupoteza kazi yake hapo, kwa sababu mafuta yanachanganyika na hewa na kuwa povu. Tafuta yenye mwili mnene na gesi ndani, iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako na kwa urefu wa springi uliyochagua. Fupi itanyang'anya ekseli nafasi ya kushuka na kung'oka kwenye mabano. Ndefu itagonga ndani ikibanwa.

Kuna kipimo cha bure kwa zile ulizo nazo. Endesha kilomita ishirini za barabara mbovu, simama, sogeza kiganja karibu na kila shokapu bila kuigusa. Zilizo hai zitakuwa na joto. Iliyo baridi kuliko wenzake haifanyi kazi.

Vijana wa mjini wanapenda gari liinuke. Kwa gari la kazi, milimita 40 hadi 50 zinatosha, na hata hapo kuna mambo ya kurekebisha. Gari lenye koili mbele likiinuka, ekseli huzunguka kidogo na usukani huwa mwepesi, unatangatanga na kukataa kurudi wenyewe baada ya kona. Zipo bushi maalumu za kurudisha pembe hiyo. Mipira ya breki inayokwenda kwenye ekseli huwa mifupi. Pembe za propela shafti hubadilika na gari huanza kutetemeka likiondoka. Kwenye Hilux yenye toshenibaa, kukaza boliti zake kunainua mbele tu. Hakuifanyi springi iwe ngumu zaidi hata chembe, na kunaila nafasi ya gurudumu kushuka.

Ila kitu ninachoona kinasahaulika karibu kila mara kiko nyuma, juu ya difu. Pikapu nyingi za Toyota za enzi hizo zina vali ya breki inayopima mzigo, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Mkia ukiwa chini, vali inaelewa kuwa gari limebeba na inapeleka presha zaidi kwenye breki za nyuma. Mkia ukiwa juu, inaelewa gari ni tupu na inapunguza. Sasa wewe umefunga springi mpya, mkia umeinuka, umepakia kilo 700 na bado uko juu kuliko ulivyokuwa mtupu zamani. Vali inaendelea kuamini gari ni tupu, na breki za mbele zinabaki na kazi yote kwenye mteremko. Fimbo hiyo lazima irekebishwe au bano lake lihamishwe. Mwambie fundi kabla hajaanza, na kabla ya kumlipa lala chini uangalie mwenyewe.

Turbo inafanya nini hasa

Nguvu imo kwenye dizeli. Turbo inaleta hewa ya kuichomea, basi. Moshi mweusi mlimani ni dizeli iliyokosa hewa: umeilipia na umeitupa. Lakini usikimbilie turbo kabla hujabadilisha filta ya hewa na kupima nozeli, kwa sababu filta iliyoziba na nozeli zinazodondosha hutoa moshi uleule.

Wanaoishi nyanda za juu wana sababu nzuri zaidi ya kutaka turbo. Kwenye kimo cha mita 2,000, karibu na hali ya Njombe, presha ya hewa imepungua kwa takribani sehemu moja kati ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam au Mombasa. Injini isiyo na turbo inavuta pumzi pungufu kwa kiasi hicho hicho. Turbo ya presha ndogo hurudisha kilichochukuliwa na mlima na kuzidisha kidogo.

Tufanye hesabu. Hewa ya nyuzi 30 ikisukumwa kwa presha ya nusu baa, kwenye turbo ya kawaida, hutoka na nyuzi zipatazo 80. Hewa ya moto imetawanyika, kwa hiyo hupati nusu zaidi. Unapata kama robo zaidi. Ukipitisha hewa hiyo kwenye intakula, ile rejeta ndogo ya kupoozea hewa, ikashuka mpaka nyuzi 50, ongezeko linakaribia asilimia 40. Hapo unaona kwa nini fundi mzuri huzungumzia intakula kabla ya kuongeza presha.

Injini yako inaruhusu?

Chukua 1HZ, moyo wa Land Cruiser nyingi za mkonga: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, nguvu za farasi zipatazo 130, pampu ya makanika isiyo na kompyuta. Watu husema haifi. Haifi kwa sababu haisukumwi. Dizeli yake huanza kuungua kwenye chemba ndogo iliyo ndani ya hedi, mgandamizo wake uko juu, 22.4 kwa 1, na haina vijito vya oili vya kupoozea pistoni kutoka chini. Ndugu yake 1HD-T, wa ujazo uleule, alitengenezwa na turbo tangu kiwandani: dizeli inaingia moja kwa moja juu ya pistoni, mgandamizo 18.6 kwa 1, na vijito vya oili vipo. Toyota hawakubadilisha hayo kwa kupenda kazi. 1HZ iliyofungwa turbo ikazidishiwa dizeli hupasuka hedi kati ya vali na chemba, au huyeyusha pistoni. Ikifungwa turbo kwa heshima, nusu baa na dizeli kidogo, hutembea miaka.

Hilux za 3L (lita 2.8) na 5L (lita 3.0) ni za ukoo huohuo wa chemba ndogo na mgandamizo mkubwa, zikiwa na silinda nne na chuma chembamba zaidi. Toyota wenyewe waliwahi kufunga turbo kwenye 2L, wakaiita 2L-T, na sifa yake iliyobaki kwa mafundi ni hedi zilizopasuka. Kwa Hilux hizi ningefikiri mara mbili, kisha ningenunua rejeta mpya badala yake. Isuzu ya 4JB1 ina hali bora: dizeli inaingia moja kwa moja, na ipo ya turbo kutoka kiwandani ambayo unaweza kufuata vipimo vyake.

Injini yoyote iwayo, pima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kununua chochote. Silinda zisipishane kwa zaidi ya baa tano hivi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma: kama inapuliza moshi kwa nguvu, ringi zimechoka, na turbo itazimaliza. Angalia pia mkanda wa taimingi umebadilishwa lini.

Halafu kupooza. Tuna tabia ya kutoa themostati na kujaza maji ya bomba. Bila themostati injini hukaa baridi tambarare na haipooi mlimani kama inavyodhaniwa, na maji matupu huotesha kutu inayoziba rejeta. Rudisha themostati, weka kuulanti, fungua rejeta isafishwe au inunuliwe mpya, na hakikisha klachi ya feni inashika injini ikipata moto. Kama gari halipandi Kitonga bila sindano ya joto kusogea, haliko tayari kwa turbo.

Kuchagua turbo yenyewe

Turbo huchaguliwa kwa kiasi cha hewa ambacho injini inameza. Injini ya 1HZ kwenye mizunguko 3,800, ikiongezewa nusu baa, inahitaji kama kilo 10 za hewa kwa dakika. Ile 3L ya lita 2.8 inahitaji kama kilo 7. Muuzaji wa turbo mpya mwenye kujua kazi yake atakuwa na ramani inayoonyesha turbo husika inasukuma kiasi gani bila kuchemsha hewa. Muulize. Asipoelewa swali, nenda duka la pili.

Kwa ukubwa, makosa ni mawili. Turbo ndogo mno, mfano ya injini ya lita 2.5 kwenye 1HZ, huamka mapema na kufurahisha mjini, lakini juu huzungushwa kupita uwezo wake na kuziba njia ya moshi, na joto hupanda. Turbo kubwa ya lori haiamki mpaka mizunguko ya juu. Kwenye mlima, gia ya pili, unakuwa umebeba chuma cha bure. Gari la mzigo linataka turbo inayoanza kusukuma kwenye mizunguko kama 1,600 hivi. CT26 iliyotoka kwenye 1HD-T inafaa kwa ukubwa kwa sababu injini hizo zina ujazo mmoja. Hakikisha tu kwamba manifoldi unayouziwa inakaa kwenye hedi yako bila kulazimishwa. Turbo zenye mabawa yanayogeuka, kama zile za D-4D, ziache kwa magari yenye kompyuta.

Turbo nyingi zilizotumika zinazouzwa Gerezani kule Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi zimepitia kwenye yadi za Sharjah au zimekuja na injini nzima kutoka Japani. Unaweza kupata nzuri. Shika shafti kwa vidole: ikicheza kidogo sana juu na chini haidhuru, maana inaelea kwenye oili, lakini mapanga yasiguse ukuta. Ikisogea mbele na nyuma, irudishe mezani. Tazama kingo za mapanga ya upande wa hewa. Zikiwa zimeliwa kama zilizopigwa msasa, ilikuwa ikila vumbi. Upande wa moshi tafuta nyufa karibu na kilango cha kupunguzia presha, westigeti. Turbo iliyofunguliwa na kutiwa moyo mpya lazima iwe imepimwa mzani wake kwenye mashine, kwa sababu shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Iliyounganishwa kwa macho italia kwanza, halafu itavuja, halafu itavunjika.

Kwenye kufunga, mambo matatu nayasimamia mimi mwenyewe hata fundi akinuna. Mpira wa oili inayorudi uwe mnene, ushuke bila kupinda wala kupanda, na uingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Ukiwa mwembamba, oili itarudi kupitia kwenye sili na utaona moshi wa bluu na kuilaumu turbo. Bomba la ekzosi liwe pana, inchi tatu kwa 1HZ, kwa sababu bomba la zamani hurudisha joto kwenye injini. Na kila kiungo kutoka mkonga mpaka turbo kisipitishe hewa, maana tundu dogo baada ya filta ni mwaliko kwa vumbi la Dodoma.

Dizeli, geji, na mbadala ambao watu hawaupendi

Usiguse skrubu ya pampu kabla ya kufunga geji mbili: ya presha ya turbo na ya joto la moshi. Kipimo cha joto kikae kwenye manifoldi, kabla ya turbo, kwa sababu baada ya turbo joto linaonekana dogo kuliko lilivyo kwa nyuzi 100 au zaidi. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi na huanza kulegea mapema zaidi. Pistoni haifikii joto la moshi kwa sababu inapozwa kila mzunguko, lakini ukishikilia mlima mrefu inakaribia. Mimi naweka mpaka wa nyuzi 650 kwa mwendo wa kudumu. Wapo mafundi wanaokubali 700, nao hawalipii hedi yangu.

Endesha kwanza bila kuongeza dizeli. Utaona moshi umepungua na joto limeshuka, na kwa madereva wengi hapo panatosha. Ukiongeza, ongeza robo ya mzunguko wa skrubu, panda mlima ukiwa na mzigo, soma geji. Klachi ikianza kuteleza, imekwambia kitu. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na baada ya kupanda mlima iache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, ili oili iliyo ndani ya turbo isiungue ikawa masizi.

Mbadala ni kubadilisha injini nzima, kuweka 1HD-T au zilizoifuata. Bei ya kuanzia ni kubwa, ila unapata injini iliyobuniwa kwa ajili ya turbo. Za awali za 1HD-T zina sifa ya kula beringi za konrodi, kwa hiyo zibadilishe kabla ya kuifunga. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Peleka mabadiliko TRA, au NTSA kama uko Kenya, na uijulishe bima. Bima wakigundua baada ya ajali, turbo itakuwa kisingizio chao cha kwanza.

Kazi ikiisha, usiende safari ndefu wiki hiyo. Zunguka karibu na gereji. Baada ya kilomita 500 kaza upya yu-bolti zote gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kisha rudia kwenye 1,000; mabapa mapya hujikalia na yu-bolti hulegea. Kaza pia nati za manifoldi, angalia mpira wa oili kama umelowa, na upime tena urefu kutoka katikati ya gurudumu mpaka kwenye mkunjo wa bodi, kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa umeshuka zaidi ya sentimita moja kuliko mwingine, rudisha springi dukani ukiwa bado na risiti.